HAROLD PALMER, MWALIMU ALIYEANZA NA MASIKIO



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya wamisionari na ya wafalme. Leo tunawaletea mtu ambaye hakuwa huyu wala yule: mwalimu tu wa Kiingereza. Tumemchagua juu ya aibu iliyotupata. Mgeni mmoja kutoka Uganda alipita hapa, akatusalimia kwa Kiingereza, kisha akatuuliza choo kiko wapi. Sisi wa mwaka wa sita, ambao tunakariri maverbe yote magumu bila kukosa hata moja, tukatazama chini. Ni mdogo mmoja aliyemuonyesha njia kwa kidole.

Harold Palmer alizaliwa London tarehe 6 ya mwezi wa tatu, mwaka 1877. Kwanza alifanya kazi ya gazeti. Katika mwaka 1902 alivuka bahari akaenda Ubelgiji, mu mji wa Verviers, mji wa viwanda vya sufu karibu na mpaka wa Ujerumani. Kule alifundisha Kiingereza katika masomo madogo ambamo mwalimu hakuruhusiwa kusema lugha ya wanafunzi hata kidogo. Akaoa kulekule, na baadaye akafungua masomo yake mwenyewe. Kila mwaka alijaribu namna mpya ya kufundisha, akaangalia ipi inazaa matunda. Juu ya lile katazo hakubaki mkali: aliona kwamba kama neno moja la lugha ya nyumbani linaweza kuondoa giza mara moja, mwalimu alitumie, halafu arudi upesi kwa Kiingereza. (Hapo walimu wetu watapumua.)

Mwaka 1914 Wajeremani waliingia Ubelgiji, na Verviers ilikuwa njiani kabisa. Palmer alikimbia na mke wake na binti yao, kazi ya miaka kumi na miwili ikabaki nyuma. Kule London mwalimu wa matamshi, Daniel Jones, alimwita aje kusema mbele ya watu kwenye chuo kikuu juu ya namna ya kufundisha lugha. Ndiyo mwanzo wa kujulikana kwake. Akabaki kufundisha mu chuo hicho, akaandika vitabu, na mwaka 1922 Wajapani wakamwita Tokyo awe mshauri wa wizara yao ya elimu. Mwaka 1923 akawa mkuu wa nyumba ya uchunguzi wa mafundisho ya Kiingereza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hali aliyoikuta Japani inafanana na yetu. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wanasoma Kiingereza kama vile mtu anavyochambua maharagwe: neno moja moja, kuligeuza Kijapani, basi. Kusikia, hapana. Kusema, hapana. Na kwa mwisho mtihani mkubwa unawangojea, na mtihani huo hauna masikio.

Palmer alisema kwamba mtoto mchanga anasikia muda mrefu mbele ya kusema, kwa hiyo mwanafunzi naye aachwe asikie kwanza. Mwalimu anaamuru kwa Kiingereza: simama, enda mlangoni, fungua dirisha, mpe rafiki kalamu. Mwanafunzi anafanya tu, hasemi kitu. Asipoelewa, mwalimu anafanya mwenyewe ili amuonyeshe. Wakiisha kuzoea, ndipo yanakuja maulizo mafupi na majibu mafupi. Mwaka 1925 alitoa kitabu kizima cha kazi hiyo pamoja na binti yake Dorothée.

Alikuwa na chombo kingine ambacho kinaomba ubao na chaki tu. Unachora safu tatu: katika ya kwanza unaandika watu watano, katika ya pili matendo matano, katika ya tatu mahali patano. Ukichagua moja katika kila safu, una sentensi 125, na zote ni sahihi. Mwanafunzi anazisema upesi mpaka kinywa kinazoea, pasipo kutafuta kanuni kichwani.

Tusimfanye malaika. Walimu wengi wa Japani hawakumfuata. Kalasi zilikuwa kubwa, wengine kati yao hawakupata kumsikia Mwingereza akisema, na wazazi walitaka watoto washinde mtihani. Palmer hakuwatukana. Alielewa kwamba vijana wale watakutana zaidi na vitabu kuliko na Waingereza, akageukia pia kusoma: pamoja na wenzake akachagua maneno kama 3.000 yanayofaa zaidi, akatengeneza hadithi nyepesi kwa maneno machache. Sisi tunaona hapo ndipo alipokuwa mkubwa, kuliko pale alipofika na vitabu vyake vya London.

Tumejaribu zile amri kwa wadogo zetu saa ya kujisomea jioni. Siku ya kwanza kicheko tu. Siku ya nne mmoja ambaye hafunguagi kinywa mu kalasi aliamuru wenzake wote wafungue na kufunga madirisha, mpaka sentinele akakuja kuuliza kama kuna mwizi.

Palmer aliondoka Japani mwaka 1936, akarudi Uingereza. Mwana wake aliuawa katika vita, na yeye mwenyewe akafa mwaka 1949. Kijana mmoja aliyefanya kazi naye Tokyo, A. S. Hornby, alikuwa amechukua uchunguzi wake juu ya namna verbe inavyojenga sentensi, akautia mu kamusi kwa wanafunzi wa kigeni. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, na tangu 1948 inatolewa na Oxford. Moja iko katika kabati la vitabu vyetu, ile isiyo na ganda la mbele. Anayeitaka aombe ufunguo kwetu baada ya saa kumi.