Pim Mulier, Baba wa Mpira wa Miguu Uholanzi

Watoto wakipata mpira, hawaulizi mchezo umetoka wapi. Wanagawanyika pande mbili, wanaweka mawe mawili kuwa goli, na mchezo unaanza. Lakini katika kila nchi mchezo huo ulikuwa na siku yake ya kwanza. Katika nchi ya Uholanzi aliyeuanzisha hakuwa mzee wala mkubwa wa serikali. Alikuwa mtoto wa miaka 14. Jina lake ni Pim Mulier.

1. Nchi ya maji

Uholanzi ni nchi ndogo ya Ulaya, jirani ya Ubelgiji. Karibu nchi yote ni tambarare, tena mahali pengi udongo uko chini kuliko bahari. Kwa hiyo watu wa kule wamejenga kuta ndefu za kuzuia bahari, na wamechimba mifereji mingi ya kuondoa maji. Upande wa kaskazini liko jimbo liitwalo Friesland. Wenyeji wake wana lugha yao wenyewe, nao ni wafugaji hodari wa ng'ombe.

Katika jimbo hilo, kijijini Witmarsum, Pim alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 1865. Jina lake lote ni Willem Johan Herman Mulier, lakini watu walizoea kumwita Pim. Wazazi wake walikuwa watu wenye mali na heshima. Mtoto alikulia katika mji wa Haarlem, mbali kidogo na Amsterdam.

Siku zile watoto wa Uholanzi waliokwenda shule walifundishwa kunyosha viungo ndani ya nyumba, kwa mpango na kwa amri ya mwalimu. Kucheza mpira uwanjani hawakujua. Waingereza ndio waliojua. Shule zao zilikuwa na viwanja vikubwa vya majani, na wanafunzi wao walicheza kila juma. Husimuliwa kwamba Pim, alipokuwa mdogo sana, aliwaona vijana Waingereza wakicheza mpira huko Noordwijk, karibu na bahari. Jambo lile halikumtoka moyoni.

2. Vijana wa Haarlem

Mwaka 1879 Pim aliwakusanya rafiki zake wa Haarlem, wakaanzisha chama cha kucheza mpira. Wenye chama hicho huhesabu kuwa kilizaliwa tarehe 15 mwezi wa tisa. Wakakiita kwa jina la mji wao, Haarlemsche Football Club, na kwa ufupi HFC. Ndicho chama cha mpira cha zamani kuliko vyote katika nchi ile.

Uwanja wao uliitwa Koekamp, maana yake malisho ya ng'ombe. Jina lenyewe laonyesha kwamba haukuwa uwanja wa fahari. Hapakuwa na viti vya watazamaji. Kulikuwa na majani, matope, na vijana wachache wenye furaha.

Wazee wengi hawakupendezwa. Waliona vijana wa nyumba zenye heshima wakikimbia, wakipiga kelele na kurudi nyumbani wamejaa matope. Wakaona kwamba huo ni upuzi wa Waingereza tu. Mtoto mwingine angaliona haya na kuacha. Pim hakuacha. Kila mara alitafuta wenzake, akaenda nao uwanjani tena.

3. Mkono au mguu?

Lakini taabu kubwa haikutoka kwa wazee. Ilitoka katika mchezo wenyewe. Mwanzoni vijana wa HFC hawakucheza mpira kama tunavyoujua. Walicheza ragbi. Katika ragbi mchezaji huchukua mpira mikononi na kukimbia nao. Adui zake humrukia, humshika na kumwangusha chini. Ni mchezo wa nguvu nyingi. Nguo hupasuka, na mara nyingine viungo huumia.

Basi, wazazi wakiogopa, watawakataza watoto. Watoto wakikatazwa, uwanja utabaki na ng'ombe wake peke yao. Chama kilikuwa na njia mbili: kushikilia desturi ya kwanza na labda kufa, au kubadili mchezo na kuishi.

Mwaka 1883 walichagua kubadili. Wakaacha ragbi, wakashika sheria ambazo Waingereza walianza kuziandika mwaka 1863. Kwa sheria hizo mpira huchezwa kwa mguu. Ni mlinda goli tu mwenye ruhusa ya kuushika. Kwa nguvu peke yake mtu hawezi kushinda. Lazima ajue kuuongoza mpira na kumpa mwenzake. Ndivyo mpira wa miguu ulivyoshika mizizi Uholanzi: kwa sababu vijana walikubali kufunga mikono yao.

4. Sheria moja kwa wote

Baada ya hayo mchezo ulienea. Vijana wa Den Haag, wa Amsterdam na wa Rotterdam walianzisha vyama vyao. Hapo ikatokea shida nyingine. Vyama vikiwa vingi, nani atapanga siku za mashindano? Nani atasema ni sheria zipi za kufuata? Na watu wawili wakigombana juu ya goli, nani atakata shauri?

Kwa hiyo tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1889 vyama mbalimbali vilifanya shirika moja la nchi yote, la mpira na la mbio. Pim Mulier akachaguliwa kuwa mkubwa wake wa kwanza. Alikuwa na miaka 24 tu. Nje ya visiwa vya Waingereza, nchi moja tu ilikuwa imetangulia kufanya shirika la namna hiyo, ndiyo Denmark, tena mwaka ule ule. Pim aliongoza mpaka mwaka 1892. Mwaka 1895 shirika likaacha mambo ya mbio, likabaki na mpira peke yake. Chama chake cha HFC nacho kilipata sifa: mara tatu, mwaka 1890, 1893 na 1895, kilikuwa cha kwanza katika nchi.

Mulier hakupenda mpira tu. Alikuwa mwenye mbio, tena aliwafundisha watu wa nchi yake michezo mingine, kama tenisi na hoki. Tena alishika kalamu. Aliandika katika magazeti na akatunga vitabu, ili hata kijana asiyekuwa na mwalimu aweze kusoma sheria na kuanza mchezo na wenzake.

5. Safari juu ya barafu

Wakati wa baridi kali, maji ya mifereji ya Uholanzi huganda na kuwa magumu kama jiwe. Hiyo ndiyo barafu. Watu hufunga chini ya viatu vyao vyuma vyembamba, kama makali ya kisu, na kwa vyuma hivyo huteleza juu ya barafu upesi sana. Zamani mzee alikwenda hivyo sokoni, na mtoto hucheza hivyo pamoja na wenzake.

Katika Friesland iko miji kumi na mmoja ya zamani, iliyounganika kwa mifereji na maziwa. Tangu zamani watu hodari walijaribu kuizunguka yote kwa siku moja. Safari hiyo ni karibu kilometa 200. Kwa miguu mtu mwenye nguvu angetumia siku tano au sita.

Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1890 Pim Mulier aliijaribu safari hiyo. Siku za mwezi huo ni fupi sana katika nchi zile. Jua huchelewa kutoka na huwahi kushuka, kwa hiyo mwenye safari ndefu lazima ateleze gizani pia. Tena barafu hailingani pote. Mahali pengine ina nyufa, na chini ya madaraja mara nyingi ni nyembamba. Mtu akivunja barafu akaanguka majini, baridi inaweza kumwua upesi. Mulier alifika mwisho. Alitumia saa 12 na dakika 55.

Hakuridhika na sifa yake mwenyewe. Alitaka wengine pia wajaribu nguvu zao, kwa mpango mzuri na kwa sheria moja. Alingoja miaka mingi. Tarehe 2 mwezi wa kwanza mwaka 1909 mashindano ya kwanza ya miji kumi na mmoja yalifanyika. Aliyeshinda ni mwanafunzi mmoja, Minne Hoekstra, aliyetumia saa 13 na dakika 50. Mulier ndiye aliyechora mfano wa msalaba mdogo ambao wanaomaliza safari hupewa. Mashindano hayo hayafanyiki kila mwaka, maana lazima barafu iwe nene safari nzima. Tangu mwaka 1909 mpaka mwaka 1997 yalifanyika mara kumi na tano tu.

6. Mbegu yawa mti

Wakati huo mpira ulikuwa umekwisha vuka mipaka. Mwaka 1904 watu wa nchi saba walikutana Paris, wakafanya shirika la mpira la dunia nzima, yaani FIFA. Uholanzi ilikuwa mojawapo ya nchi hizo saba, na Ubelgiji vilevile. Tarehe 30 mwezi wa nne mwaka 1905 wachezaji wa Uholanzi walikwenda Antwerpen kupigana na Wabelgiji. Huo ulikuwa mchezo wao wa kwanza na nchi nyingine. Saa zilipokwisha walikuwa sawa, goli moja kwa moja. Tena goli la Wabelgiji lilitiwa na Mholanzi, Ben Stom, aliyekosea na kuupeleka mpira katika goli lake mwenyewe. Wakaongeza wakati. Waholanzi wakashinda goli nne kwa moja. Goli zote nne zilitiwa na mtu mmoja, Eddy de Neve. Baadaye, katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1908, 1912 na 1920, Uholanzi ilipata kila mara nafasi ya tatu.

Lakini bado kulikuwa na kasoro. Kwanza mpira ulikuwa mchezo wa watoto wa matajiri. Mtu wa kazi hakuwa na nafasi, wala fedha za kununua viatu na mpira. Hali hiyo ilibadilika pole pole. Katika vita ya 1914 mpaka 1918 Uholanzi haikupigana, lakini askari wake wengi walikaa kambini miaka hiyo wakilinda mipaka. Huko mtoto wa mkulima alicheza pamoja na mtoto wa tajiri, na alipotolewa alirudi kijijini akijua mpira. Mwaka 1919 sheria ilipunguza saa za kazi, watu wa viwanda wakapata nafasi. Wakatoliki walikuwa na mashirika yao ya mpira, na watu wa kazi walikuwa na yao. Mwaka 1940 yote yakaunganishwa kuwa shirika moja.

7. Uzee wa Mulier

Pim Mulier alisafiri pia mbali. Kwa miaka kadhaa alikaa katika kisiwa cha Sumatra, katika Asia, ambacho zamani zile kilitawaliwa na Waholanzi, akifanya kazi ya gazeti. Halafu akarudi kwao. Mungu alimpa maisha marefu. Mtoto aliyecheza katika malisho ya ng'ombe aliishi mpaka akaona viwanja vyenye maelfu ya watu. Alikufa katika mji wa Den Haag tarehe 12 mwezi wa nne mwaka 1954, akiwa na miaka 89.

Mwaka ule ule, miezi michache baada ya kufa kwake, shirika la mpira la Uholanzi lilikubali wachezaji walipwe fedha. Mulier na wenzake hawakulipwa kitu. Walinunua mpira wao wenyewe, wakafua matope yao wenyewe. Siku hizi mchezaji mwenye ustadi aweza kupata mali nyingi kwa miguu yake, na si vibaya mtu kulipwa kwa kazi yake. Lakini fedha zilikuja mwisho. Kwanza ilikuja furaha, halafu sheria, na mapatano ya watu wasiojuana.

HFC iko hata leo. Katika Haarlem upo uwanja wenye jina la Pim Mulier, na nyumba moja ya Uholanzi inayochungua mambo ya michezo imepewa jina lake pia. Lakini ukumbusho wake mkubwa hauna jina lolote. Ni kila uwanja wa kijiji katika nchi ile, ambapo watoto wawili wagombanao juu ya goli hunyamaza mwamuzi akipiga filimbi, halafu mchezo unaendelea.

Maulizo

1. Pim Mulier alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Kwa sababu gani wazee wengi hawakupenda mchezo wake?
3. Ragbi na mpira wa miguu vinatofautiana namna gani?
4. Kwa nini vyama vingi vilihitaji shirika moja?
5. Hatari gani zilikuwako katika safari ya barafu?
6. Katika mchezo wenu shuleni, sheria gani ni ngumu kuifuata? Mkiiacha, kutatokea nini?