John Akii-Bua: Kutoka Mruka Viunzi hadi Mkufunzi

Wahenga walilonga kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, methali hiyo haisemi lolote kuhusu mchezaji ambaye kwao kumegeuka kuwa uwanja wa vita. Maisha ya marehemu John Akii-Bua, Mganda wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, yanatulazimu kulitafakari jambo hilo. Makala hii inamwangazia kama mwanafunzi wa wakufunzi hodari, kama mkimbizi na hatimaye kama mkufunzi.

Akii-Bua alizaliwa mwaka wa 1949 katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa, na watoto wa boma hilo walizidi 40. Alikulia machungani akilisha ng'ombe wa babake, kisha akajiunga na polisi mjini Kampala. Ni katika kikosi hicho ambapo Jorem Ochana, afisa aliyekuwa mruka viunzi wa kutajika, alikitambua kipawa chake na kuanza kumnoa.

Mnamo 1968 aliwasili nchini Uganda mkufunzi Mwingereza, Malcolm Arnold. Wakati huo Akii-Bua alikuwa akishiriki mbio fupi za viunzi virefu. Arnold alimshawishi azigeukie mbio za meta 400, zenye viunzi 10 na zinazodai kasi, pumzi na hesabu ya hatua kwa pamoja. Katika mashindano ya Jumuiya ya Madola ya mwaka wa 1970 mjini Edinburgh, alimaliza wa nne. Hakukata tamaa. Alirudi mazoezini akakimbia huku amevalia fulana yenye uzito, akiruka viunzi vilivyopita kimo cha vile vya mashindano. Aidha, alijifunza kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, hivyo kwamba uchovu haukuweza kumvurugia mwendo.

Matunda ya jasho hilo yalionekana mjini Munich tarehe 2 Septemba 1972. Akii-Bua alipangiwa mkondo wa kwanza, ule wa ndani kabisa, ambao kona zake kali huwatatiza wakimbiaji. Licha ya hayo, alimaliza kwa sekunde 47.82 na kuivunja rekodi ya dunia iliyokuwa ya Mwingereza David Hemery, sekunde 48.12. Mmarekani Ralph Mann alikuwa wa pili, naye Hemery mwenyewe akawa wa tatu. Bingwa huyo mpya hakusimama alipovuka utepe. Aliendelea kuuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka viunzi ambavyo havikuwepo.

Nyumbani alipokewa kwa shangwe. Idi Amin, aliyekuwa ametwaa mamlaka Januari 1971, alimpandisha cheo na kumtunuku nyumba. Lakini zawadi hizo zilikuwa asali iliyochanganywa na shubiri. Akii-Bua alikuwa Mlango, wa kabila moja na Milton Obote aliyepinduliwa, na Walango wengi waliuawa chini ya utawala huo. Alisifiwa hadharani na watawala wale wale waliowaangamiza watu wake.

Siasa ziliingilia hata mbio zenyewe. Mwaka wa 1976 timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na zaidi ya nchi 20, Uganda ikiwemo, zikasusia Olimpiki ya Montreal. Mmarekani Edwin Moses alishinda huko kwa sekunde 47.63, na rekodi ya Akii-Bua ikaanguka bila yeye kupata fursa ya kuitetea.

Utawala wa Amin ulipoporomoka mwaka wa 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya pamoja na jamaa yake. Bingwa wa Olimpiki akajikuta kambini, mkimbizi miongoni mwa wakimbizi. Aliokolewa na kampuni ya viatu vya michezo ya Puma, iliyompeleka Ujerumani Magharibi na kumpa kazi. Alishiriki Olimpiki ya Moscow mwaka wa 1980, lakini aliondolewa katika nusu fainali. Miaka yake bora ilikuwa imekwisha kupita.

Msomaji wa Garissa hahitaji kufafanuliwa neno mkimbizi, kwani kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka wa 1991, zimo katika kaunti yake. Mwaka wa 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilishiriki Olimpiki mjini Rio de Janeiro. Watano kati ya wanamichezo wake 10 walikuwa wakimbiaji waliotoka kambi ya Kakuma, wakafunzwa Ngong chini ya Tegla Loroupe. Mwaka wa 1979 hapakuwa na timu kama hiyo. Kilichobadilika si kipawa cha wakimbizi. Ni kwamba safari hii alipatikana mtu wa kwenda kukitafuta na kukifunza.

Akii-Bua alilifahamu jambo hilo. Katika miaka ya 1980 alirejea Uganda, akawa mkufunzi wa riadha. Nchi ilikuwa imechakazwa na vita, na vijana aliowafunza hawakupata hali kama aliyoipata yeye chini ya Arnold. Hata hivyo, alichagua kuwapa wengine kile alichopewa na Ochana na Arnold. Aliaga dunia tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda ilingoja hadi mwaka wa 2012 kupata dhahabu ya pili, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni mjini London.

Leo kuna barabara ya Akii-Bua mjini Kampala na uwanja wenye jina lake mjini Lira. Ni heshima anayoistahili. Lakini taifa linalowakumbuka mabingwa wake kwa mabango pekee, likawasahau wanaowanoa chipukizi, huenda likangoja tena miaka 40.