Papa Simon Kimbangu: Miaka Thelathini katika Boloko ya Elisabethville

Wengi wetu tunajua mambo ya Nkamba tangu utoto. Wanaojua vizuri mambo ya boloko ni wachache, hata hapa Katanga ambako ilikuwa. Leo tutasema juu ya azabu aliyopewa Papa Simon Kimbangu, na namna azabu ile ilivyofanya kazi.

Alizaliwa Nkamba, Kongo ya Chini, karibu mwaka 1887. Alifundishwa na wamisionari Wabaptisti wa Ngombe-Lutete, akabatizwa mwaka 1915, akawa mwalimu wa katekisimu. Tarehe 6 Aprili 1921 kazi yake ya kuponya na kuhubiri ilianza. Watu wakaacha mashamba, wakaacha vitanda vya hospitali, wakaenda Nkamba makundi kwa makundi. Mwezi wa Mei administrateri Léon Morel alifika kuangalia. Tarehe 6 Juni alirudi pamoja na askari ili kumkamata, lakini Papa Simon aliwaponyoka. Kwa miezi mitatu alihubiri kwa siri kutoka kijiji hadi kijiji. Kisha, tarehe 12 Septemba, alirudi Nkamba mwenyewe akajitoa mikononi mwao. Hakuna askari aliyemshika njiani. Tusilisahau jambo hilo.

Sasa tuangalie hukumu. Bulamatari alikuwa ametangaza utawala wa kijeshi katika eneo lile, na kwa sababu hiyo Papa Simon hakupelekwa mbele ya tribinali ya kawaida. Alisimama mbele ya baraza la vita, Thysville (leo Mbanza-Ngungu), na mkubwa wake alikuwa komanda de Rossi. Hakuwa na avoka wa kumtetea. Hakukuwa na njia ya kukata rufaa. Kesi ilichukua siku chache tu, na tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ikasomwa: viboko 120, halafu kifo. Kosa walilomwandikia lilikuwa kuvuruga usalama wa serikali na kuchochea watu wawachukie wazungu. Bunduki haikupatikana, wala mzungu aliyeuawa hakupatikana. Mwaka 1959 avoka mmoja Mbelgiji, Jules Chomé, aliandika kitabu kizima juu ya kesi hii na kuonyesha makosa yake. Ni vema tujue kwamba hata kwao walikuwako watu waliokataa.

Wamisionari Wabaptisti waliomba huruma, na mwezi wa Novemba 1921 mfalme Albert I aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Watu husema mfalme alimwokoa. Mimi naona tuseme polepole hapo. Kifungo kile hakikuwa na siku ya kwisha, na alipelekwa Elisabethville, zaidi ya kilomita 1.500 kutoka Nkamba, mahali ambapo lugha yake haikusikika sokoni. Umbali ule ulikuwa sehemu ya azabu. Aliyefungwa karibu na kwao huletewa chakula na habari na jamaa zake. Aliyefungwa mbali hivyo hufa kabla ya kufa.

Na azabu haikumshika yeye peke yake. Mama Muilu Marie alibaki na watoto chini ya macho ya serikali. Kisolokele, mtoto wao wa kwanza, alichukuliwa kupelekwa koloni ya shule ya Boma. Kwa waaminiwa walitumia kitu kingine kilichoitwa relegasio. Dekreti ya mwaka 1910 iliruhusu wakubwa wa serikali kumhamisha mtu mweusi mpaka jimbo lingine bila kumfikisha kwa juji. Karatasi ya administrateri ilitosha. Ndivyo maelfu ya baba na mama walivyotawanywa, wengine mpaka Lowa, wengine mpaka Ekafera katika msitu, na watoto wengi walizaliwa kule. Serikali ilifikiri inazima moto, kumbe inapeleka makaa katika kila jimbo.

Papa Simon alikaa ndani miaka 30. Wafungwa wengine waliingia na kutoka. Wafalme wa Ubelgiji walibadilika mara mbili. Alikufa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, bado mfungwa, akazikwa huko huko. Fimbo ya kiboko ilifutwa katika Kongo mwaka 1959, na mwaka ule ule, tarehe 24 Desemba, serikali ya Wabelgiji ilitambua kanisa lake. Mama Muilu alikuwa amekwisha kulala mwezi wa Aprili, hakuiona siku ile.

Tarehe 3 Aprili 1960 mwili wake ulirudishwa Nkamba. Diangienda, ambaye alikuwa mtoto wa miaka mitatu wakati baba yake alipokamatwa, alikuwa sasa mtu mzima, kiongozi wa kanisa. Hukumu yenyewe ilibaki katika vitabu vya serikali mpaka mwaka 2011, ndipo korti kuu ya kijeshi ya Kinshasa ikaifuta.