Charles Kettering na Starta ya Motokaa

Zamani mtu aliyetaka kuwasha motokaa yake alisimama mbele yake, akaingiza hendeli ya chuma na kuizungusha kwa nguvu za mkono. Injini ikipiga kinyume, hendeli ilirudi kwa ghafula ikamvunja mkono. Aliyetuondolea taabu hiyo ni Charles Kettering wa Marekani, nami napenda ninyi wanafunzi, hasa wapenzi wa spana, mpate habari zake.

Alizaliwa shambani karibu na Loudonville, jimbo la Ohio, tarehe 29 Agosti 1876. Macho yake yalikuwa mabovu tangu ujana. Alifundisha shule za vijijini, akaingia chuo kikuu cha Ohio State, macho yakamshinda akaacha. Akaenda kufanya kazi ya nyaya za simu, kisha akarudi chuoni, hata akapata shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 1904, naye ana miaka 27.

Akaajiriwa Dayton na kampuni ya National Cash Register, iliyounda mashine za kuhesabia fedha madukani. Huko alitengeneza mota ndogo ya umeme ya kuendesha mashine hizo badala ya mkono. Siri yote imo humo. Mota ile ilipewa kazi kubwa kuliko umbo lake, lakini kwa kitambo kidogo tu, kisha ikapumzika na kupoa.

Mwaka 1909 yeye na Edward Deeds walianzisha kampuni ya Delco, wakifanya kazi katika banda la nyumbani kwa Deeds. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, akamletea shida ya hendeli. Inasimuliwa kwamba rafiki yake, Byron Carter, alikufa kwa jeraha la hendeli. Watu walidhani mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno, haichukuliki garini. Kettering akakumbuka mashine za fedha. Cadillac za 1912 zikauzwa zikiwa na starta yake, na injini ilipokwisha kuwaka, mota ileile iligeuka jenereta ikachaji betri.

Ndiyo maana huudhika nikimwona mwenye gari la zamani akishikilia starta dakika nzima. Haikuumbwa kwa hayo! Sekunde 10 zatosha, kisha iache ipoe. Ikigoma, usikimbilie kuifungua. Washa taa kubwa, kisha piga starta. Taa zikififia sana, tazama betri, vichwa vyake na waya unaofungwa kwenye bodi. Zikibaki na mwanga uleule na starta iko kimya, kosa li katika swichi, waya zake au starta yenyewe. Gari la gia za otomatiki lisipowaka kwenye P, vuta breki ya mkono, kanyaga na ya mguu, ujaribu kwenye N. Likiwaka hapo, starta haina kosa: swichi ya gia imekwenda kombo, au vyuma vya kuhamishia gia vimelegea. Vyuma hivyo vikilegea, gari hukataa pia kuingia gia sawasawa, na fundi asiyejua huuza starta mbili kabla ya kuchungulia chini.

Tangu 1920 hadi 1947 Kettering aliongoza utafiti wa General Motors. Injini yake ya kupozwa kwa hewa, iliyotiwa katika Chevrolet za 1923, ilishindwa vibaya, na magari yakarudishwa kutoka kwa wanunuzi. Alitaka kujiuzulu, akakataliwa.

Lililo zito zaidi ni risasi. Mwaka 1921 msaidizi wake, Thomas Midgley, aligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Mwaka 1924 wafanyakazi walioitengeneza walikufa kwa sumu yake, nayo ikaendelea kuuzwa. Hapo siwezi kumtetea, kwa kuwa sumu ya risasi ilijulikana tangu kale. Afrika kusini ya Sahara iliacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani kuiuzia magari, mwaka 2021.

Mwaka 1945 jina lake na la Alfred Sloan yalipewa taasisi ya utafiti wa saratani mjini New York. Kettering alifariki Dayton tarehe 25 Novemba 1958, mwenye miaka 82.