Ronald Ross: Daktari Aliyewahesabu Mbu

Hakuna kidato kisichokuwa na mwanafunzi anayenung'unika kwamba hesabu hazitamfaa kitu akishamaliza shule. Hata mimi nimewahi kusema hivyo, tena kwa sauti. Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye angetucheka sote. Hakuwa mwalimu wa hesabu wala mhandisi. Alikuwa daktari mpenda mashairi, aliyeshika kalamu na karatasi kumpiga vita mbu.

Ronald Ross alizaliwa tarehe 13 Mei 1857 huko Almora, mji wa milimani kaskazini mwa India, nchi iliyokuwa chini ya Waingereza. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Alipofika umri wa miaka 8 alipelekwa Uingereza kusoma. Kijana huyo alipenda kuchora, kutunga mashairi na kupiga muziki, na alipokuwa na miaka 14 akapata zawadi ya hesabu shuleni. Lakini baba alikuwa ameshaamua kwamba mwanawe atakuwa daktari. Ross akatii, ingawa moyo haukuwapo. Mwaka wa 1874 akaingia hospitali ya St Bartholomew's, London, kusomea udaktari, na kwa kuwa alisoma shingo upande, mtihani mmoja ukamwangusha. Hakukata tamaa. Alifanya kazi ya udaktari melini, akarudia mtihani, akapita. Mwaka wa 1881 akaajiriwa katika idara ya matibabu ya jeshi la India.

Huko India kazi haikuwa nyingi kila siku. Wenzake walipokwenda kucheza, yeye alinunua vitabu vya hesabu akajifundisha mwenyewe, bila mwalimu na bila kungojea mtihani wowote. Wakati huo hakujua zitamfaa wapi. Akiba haiozi.

Siku zile malaria ilikuwa ikiua watu bila kificho. Daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, alikuwa amekwisha kuviona vimelea vyake katika damu ya wagonjwa mwaka wa 1880, huko Algeria. Lakini viliingiaje mwilini? Wengi walishikilia kwamba ni hewa mbaya ya mabwawa. Mwaka wa 1894 Ross alikwenda likizo London, na huko Daktari Patrick Manson akamwonyesha vimelea hivyo kwa hadubini, akamwambia kwamba anamshuku mbu.

Ross alirejea India mwaka uliofuata, akaanza kupasua mbu mmoja mmoja. Kazi hiyo si mchezo. Jasho lilimtiririka hadi likaharibu skrubu za hadubini, na feni hakuthubutu kuitumia isije ikapeperusha mbu wake. Kwa miaka miwili hakupata kitu. Kumbe alikuwa akipasua mbu wa aina isiyobeba malaria! Hatimaye, tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, alimpasua mbu wa aina ya anofelesi aliyekuwa amemnyonya mgonjwa aitwaye Husein Khan. Katika ukuta wa tumbo la mbu yule akaviona vimelea vikikua.

Muda si muda akahamishwa kupelekwa mahali ambapo malaria ilikuwa haba. Alisikitika sana. Mwaka wa 1898, alipopata nafasi ya kufanya utafiti Calcutta, aliwatumia ndege, kwa kuwa nao wana malaria yao. Akavifuata vimelea kutoka tumboni mwa mbu mpaka kwenye tezi za mate, kisha akaona ndege wazima wakiugua baada ya kuumwa. Njia yote ikawa wazi. Mwaka wa 1902 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hadithi imekwisha. La, hapa ndipo inapoanza. Ross alitaka malaria izuiwe, si kuelezwa tu. Alishauri vidimbwi vikaushwe na maji yaliyotuama yamwagiwe mafuta ili viluwiluwi vya mbu vife. Huko Ismailia, Misri, kando ya Mfereji wa Suez, ushauri wake ulifuatwa na wagonjwa wakapungua mno. Lakini katika kambi ya jeshi ya Mian Mir, karibu na Lahore, jambo hilo lilijaribiwa katika eneo dogo na malaria haikuondoka. Wapinzani wakapata la kusema. Eti haiwezekani kumwua kila mbu, na akibaki hata mmoja kazi yote ni bure. Basi ya nini kujisumbua?

Hoja hiyo ilikuwa ya hatari, kwa maana ingewafanya wakuu wa serikali wakae mikono mifukoni huku watu wakifa. Ross hakuwa na dawa ya kuijibu. Alikuwa na hesabu. Mwaka wa 1904, huko St. Louis, Marekani, alieleza kwa hesabu jinsi mbu wanavyotawanyika kutoka mahali walipozaliwa, na kwa nini eneo dogo lililosafishwa huvamiwa na mbu wa jirani. Mwaka wa 1907 akaalikwa kisiwani Mauritius, ambako malaria ilikuwa imeua maelfu ya watu tangu miaka ya 1860. Katika taarifa yake ya mwaka wa 1908 akaiandika malaria kama mlinganyo, na mwaka wa 1910 akaieleza zaidi katika kitabu chake kuhusu kuzuia malaria.

Tufuate njia yake kwa mfano mwepesi. Tuseme kuna kijiji cha watu 1,000, na mmoja tu ana malaria. Katika kila mbu 4, mmoja tu ndiye anayefaulu kumwuma mtu. Katika kila 3 waliouma, mmoja tu ndiye anayeishi mpaka vimelea vikomae mwilini mwake. Katika kila 4 walioishi, mmoja tu ndiye anayefaulu kuuma tena. Zidisha 4 kwa 3 kwa 4, unapata 48. Tena, yule wa kwanza kuumwa awe ndiye mgonjwa ni bahati ya mmoja katika 1,000. Kwa hiyo wanahitajika mbu 48,000 ili apatikane mgonjwa mmoja mpya.

Sasa tazama. Wakizaliwa mbu 96,000 kabla ya mgonjwa kupona, ataacha wagonjwa wawili, nao wataacha wanne, na ugonjwa utaenea. Wakizaliwa 24,000 tu, wagonjwa wanaopona watawazidi wanaoambukizwa, na malaria itafifia yenyewe ingawa mbu wangali wanaimba masikioni! Si lazima kumwua mbu wa mwisho. Yatosha kuwashusha chini ya kizingiti na kuwaweka hapo.

Ross alikuwa na ila zake. Alikuwa mwepesi wa hasira, na aligombana miaka mingi na Mwitalia Giovanni Battista Grassi kuhusu nani aliyetangulia kugundua. Lakini kazi hakuiacha. Mwaka wa 1916 na 1917, akisaidiwa na mwanahesabu Hilda Hudson, alipanua hesabu zake zifae magonjwa mengine pia. Alifariki London tarehe 16 Septemba 1932.

Waliomfuata waliendeleza alipoishia. McKendrick, aliyewahi kusafiri naye Sierra Leone, aliandika pamoja na Kermack mwaka wa 1927 milinganyo inayotumika mpaka leo. Katika miaka ya 1950 George Macdonald alionyesha kwamba kufupisha maisha ya mbu kunasaidia kuliko kupunguza idadi yake tu. Huko Mauritius, baada ya Vita Vikuu vya Pili, nyumba zilipigwa dawa, na mwaka wa 1973 kisiwa kikathibitishwa kuwa hakina malaria. Na mwaka wa 2020, korona ilipotufungia shule, wataalamu walikuwa wakiuliza swali lile lile la Ross, yaani mgonjwa mmoja anaacha wagonjwa wangapi.

Nasi tunaoishi na mbu tuna faida yetu humo. Rudi kwenye mfano. Kuuma kumehesabiwa mara mbili, mara ya kuchukua vimelea na mara ya kuvipeleka. Chandarua kikipunguza kuuma kwa nusu, badala ya 4 kwa 3 kwa 4 tunapata 8 kwa 3 kwa 8, yaani 192. Watahitajika mbu 192,000, mara nne ya mwanzo, na bado hatujaua hata mmoja. Ama kweli haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo ndugu yangu, ukikishusha chandarua usiku unamkinga jirani pia, na ukikitandaza shambani kukinga miche umemwachia mbu njia.

Nami tangu nilipoisoma habari hii, nikipewa zoezi la hesabu, sinung'uniki tena kwa sauti.