Frederick Douglass: Mtoro Aliyejua Anachotaka Kusema

Safari hii tunawaletea habari za mtu aliyefariki zamani, tarehe 20 Februari 1895, ambaye maisha yake yanatuhusu sana sisi tulioacha kwetu. Jina lake ni Frederick Douglass.

Alizaliwa utumwani mwaka 1818 hivi, katika jimbo la Maryland, Marekani. Alitenganishwa na mama yake akiwa mchanga. Baadaye alipelekwa mjini Baltimore, na huko mke wa bwana wake akaanza kumfundisha herufi, mpaka mumewe alipomkataza. Mtoto hakukata tamaa. Aliwapa watoto wa Kizungu wa mtaani mkate, nao wakamfundisha kusoma. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alinunua kwa senti 50 kitabu cha hotuba, akakisoma tena na tena. Ndipo alipoona kwamba neno lililopangwa vizuri lina nguvu.

Tarehe 3 Septemba 1838 alitoroka kwa treni, amevaa kama baharia na kushika karatasi za kuazima. Wapendwa, ni nani kati yetu asiyejua hofu ya kusimama mbele ya mtu anayekagua karatasi?

Agosti 1841, katika kisiwa cha Nantucket, alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya mkutano mkubwa wa Wazungu waliopinga utumwa. Alitetemeka, lakini alisema, na watu wakaguswa. Wakamchukua azunguke nao. Ila baadhi yao walitaka aeleze mateso yake tu, na mengine awaachie wao. Douglass hakuridhika. Aliona kwamba msikilizaji anaweza kulia, akafuta machozi, akaenda nyumbani bila kufanya lolote. Alitaka kueleza pia kwa nini utumwa ni dhambi, na watu wafanye nini ili uishe.

Mwaka 1845 aliandika kitabu cha maisha yake, akataja majina na mahali. Hapo ikawa hatari kukamatwa, akaenda Ireland na Uingereza. Rafiki zake wa huko walichanga fedha, na mwaka 1846 uhuru wake ukanunuliwa.

Hotuba yake inayojulikana zaidi aliitoa mjini Rochester tarehe 5 Julai 1852, siku moja baada ya sikukuu ya uhuru wa Marekani. Waliomwalika ni wanawake wa chama cha kupinga utumwa. Aliiandaa kwa wiki mbili au tatu, akaiandika yote. Tuangalie alivyoipanga. Kwanza aliwasifu waasisi wa taifa lile kwa ushujaa wao, na wasikilizaji wakafungua mioyo. Kisha akageuka, akawaonyesha kwamba sikukuu ile ilikuwa yao, si ya mtumwa, kwa kuwa uhuru ule haukumfikia. Hakuyaacha makanisa yaliyonyamaza, wala sheria ya mwaka 1850 iliyoamuru watoro warudishwe kwa mabwana zao. Mwisho akawapa tumaini kwamba utumwa utaanguka. Mambo yalikuwa mengi, lakini yote yalielekea mahali pamoja: taifa linalofurahia uhuru haliwezi kumfunga mwingine. Mwaka 1865 utumwa ulifutwa kwa katiba katika nchi ile.

Sasa turudi kwetu. Wakati mmoja wageni walitembelea makazi yetu, nasi tukapewa dakika kumi tuwasemee watu. Hatukujiandaa. Tulianza na vita, tukaendelea na safari, posho, mahema na shule. Tulipofika kwenye bomba la maji lililokauka, ambalo ndilo lililowasumbua akina mama, muda ulikwisha. Wageni walitupa pole, wakapanda magari. Hawakutukatalia maji, hatukuwaomba. Bado jambo hilo linatuuma.

Nehemia hakufanya hivyo. Mfalme alipomuuliza anataka nini, alikwisha kuomba na kufikiri siku nyingi. Alijua atahitaji muda gani, barua za nani, na miti ya kazi gani.

Basi, mpendwa, ukichaguliwa kusema, iwe mbele ya wageni, kwenye kikao cha wazee au kwenye harusi, jiulize kwanza mambo matatu. Wanaonisikiliza ni akina nani? Nataka wafanye nini wakitoka hapa? Ni neno gani moja wasilolisahau? Liandike hilo kwa sentensi moja. Lisilolisaidia, liache nyumbani, hata kama ni la kweli na linauma.

Mateso yetu ni mengi, na Mungu anayajua yote. Mwanadamu tunampa dakika kumi tu. Tumpe lile analoweza kulifanyia kazi. Bwana awabariki.