Habari za Martini, Askofu wa Tours, na za Jina Lake

Katika sharika zetu za Ikinga watu huuliza mara kwa mara kama jina lenye asili ya kipagani laweza kuletwa kwenye ubatizo. Basi na tutazame habari za Martini.

Warumi wa kale walikuwa na mungu wa vita, jina lake Mars. Kwa jina hilo waliuita mwezi mmoja, nasi hata leo twasema Machi. Tena waliwaita watoto wao Martinus, maana yake mtu wa Mars. Karibu na mwaka 316 askari mmoja mpagani alipata mwana huko Sabaria, mji uitwao sasa Szombathely katika Hungaria, akamwita hivyo.

Mtoto alipokuwa na miaka 10 alikimbilia kanisani bila ruhusa ya wazazi, akaomba kufundishwa pamoja na wanaongojea ubatizo. Baba hakupendezwa. Ilipotoka amri kwamba wana wa askari waandikwe jeshini, yeye mwenyewe alimtoa kijana wake, akachukuliwa amefungwa minyororo, naye alikuwa na miaka 15 tu.

Kisa kijulikanacho sana ni kile cha Amiens, katika nchi ya Ufaransa ya sasa. Wakati wa baridi kali Martini alimkuta maskini uchi langoni mwa mji. Alikuwa amekwisha kugawa vitu vyake vyote, amebakiwa na joho lake la kiaskari. Akalipasua kwa upanga, akampa nusu. Wengine walimcheka. Husimuliwa kwamba usiku ule alimwona Kristo katika ndoto, amevaa nusu ile. Joho hilo, kwa Kilatini cappa, liliwekwa baadaye na wafalme katika nyumba ya sala, na kutoka kwake ndipo Wajerumani walipopata neno Kapelle, yaani kanisa dogo.

Akabatizwa, asibadili jina. Lakini mwenye jina la mungu wa vita akakataa kupigana. Alipoitwa mwoga, alijitolea kusimama mbele ya adui bila silaha. Kesho yake adui wakaomba amani, naye akaachiliwa. Akarudi kwao, akamwongoza mama yake kwa Kristo. Baba akabaki katika upagani.

Mwaka 371 watu wa Tours walimfanya askofu, ingawa maaskofu wengine walimdharau kwa sababu ya nguo zake chafu na nywele zisizochanwa. Kwangu mimi, kazi yake iliyo kubwa ni ile ya Trier, ambako alimsihi Kaisari Maximus asimwue Priscillian, aliyeshitakiwa kwa uzushi. Martini hakukubali mafundisho ya mtu yule. Alikataa tu damu isimwagwe kwa ajili ya imani. Hata hivyo Priscillian aliuawa karibu na mwaka 385. Martini alikufa mwaka 397, akazikwa tarehe 11 Novemba.

Sifa zake zikaeneza jina. Waitalia husema Martino, Wareno Martinho, Wahungari Márton, Wapolandi Marcin, Waholanzi Maarten, Wadenmarki Morten, Wafini Martti. Sisi twasema Martini, kwa kuwa Kiswahili hupenda neno liishe kwa irabu.

Tarehe 10 Novemba 1483 mtoto alizaliwa Eisleben katika nyumba ya Hans Luther. Kesho yake akabatizwa, na kwa kuwa ilikuwa siku ya Martini, akapewa jina hilo. Hivyo jina likatufikia sisi Walutheri.

Halikuishia hapo. Mwaka 1934 mchungaji wa Kibaptisti kutoka Atlanta, Marekani, aitwaye Michael King, alisafiri mpaka Ujerumani. Aliporudi akajiita Martin Luther, na mwanawe vivyo hivyo, kijana wa miaka 5, ambaye baadaye aliwaongoza watu weusi wa Marekani kudai haki zao pasipo silaha, hata akauawa mwaka 1968.